Tyubu ya Rangi ya Mafuta au Stika? Tathmini ya Vifaa vya Kuigizia Mbao kwenye Modeli ya Albatros D.Va

Kwa muda wa miezi minne nimejenga modeli mbili za ndege ya kivita ya Kijerumani aina ya Albatros D.Va, zote za kipimo cha 1/48 kutoka kampuni ya Eduard ya Jamhuri ya Cheki, nikiwa na swali moja tu: ni kifaa gani kinachoipa plastiki sura ya mbao iliyopakwa vanishi bila kumdanganya mtazamaji kupita kiasi? Mwili wa modeli ya kwanza niliupaka rangi ya mafuta ya wachoraji ya Winton, inayotengenezwa na Winsor & Newton, nikitumia tyubu mbili zilizoandikwa Burnt Umber, yaani kahawia iliyokolea, na Raw Sienna, yaani kahawia ya manjano, juu ya rangi ya msingi ya kampuni ya Tamiya. Mwili wa modeli ya pili niliufunika kwa stika zilizochapishwa mistari ya mbao tayari, zile zinazolowekwa majini kabla ya kubandikwa. Ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyaona kwa mikono na macho yangu mwenyewe, mezani kwangu Dar es Salaam, katika hewa yetu yenye joto na unyevu, ambayo ina mchango wake katika kazi hii.

Sikuichagua Albatros kwa bahati. Ndege nyingi za Vita vya Kwanza vya Dunia zilikuwa na kiunzi cha mbao kilichovikwa kitambaa, kwa hiyo mbao zake zilifichika. Albatros ilijengwa kwa njia nyingine: mwili wake wenye umbo la yai ulitengenezwa kwa vipande vya plaiwudi nyembamba vilivyogundishwa na kupigiliwa misumari midogo kwenye kiunzi, na ganda hilo lenyewe likabeba sehemu ya uzito. Viwanda vya Johannisthal, karibu na Berlin, na Schneidemühl, mji ambao leo unaitwa Piła nchini Poland, vilipaka vanishi juu ya plaiwudi hiyo, na mara nyingi mbao ikaachwa ionekane ilivyo. Zimebaki D.Va mbili tu halisi duniani, moja katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington na nyingine katika makumbusho ya vita ya Canberra, Australia. Hii ya Canberra, yenye namba 5390/17, ilitekwa tarehe 17 Desemba 1917 baada ya kulazimishwa kutua na ndege ya kikosi cha Australia. Mjenzi wa modeli anaweza kukosea rangi ya bawa na asigundulike kwa urahisi, lakini akikosea mbao ya mwili, hana Albatros tena; ana chombo cha kahawia chenye mabawa.

Kabla ya kuanza tathmini yenyewe ni lazima nieleze kosa langu la kwanza, kwa kuwa ndilo lililobadilisha kipimo nilichotumia kuvipima vifaa vyote. Nilianza kwa kufanya majaribio kwenye kipande cha plastiki, nikachora mistari ya kahawia iliyokolea, iliyonyooka na kukaribiana, kama ile ninayoiona kila siku kwenye mlango wetu wa mninga. Nilikipenda sana. Nikakipeleka kwa fundi seremala mmoja wa Keko, mzee ambaye amenitengenezea samani zote za nyumbani, nikamwomba aniambie kama kinafanana na mbao. Alikigeuza mara mbili kwenye mwanga, akasema, "Mwanangu, hii inafanana na mbao, ila ndege yako uliniambia ni ya plaiwudi. Mbao hii umeipasua. Plaiwudi haipasuliwi, inamenywa." Nikamjibu, "Sasa Mzee, tofauti yake itaonekana kweli kwenye kitu kidogo namna hii?" Hakunijibu. Akavuta kipande cha plaiwudi kilichokuwa kimeegemea ukutani, akakilowesha kwa kiganja chenye maji ili sura yake itoke, akanionyesha.

Hakukuwa na mstari ulionyooka. Kulikuwa na mawimbi mapana, mepesi, yaliyopanuka na kukutana kama maji yanapopwa kwenye mchanga, na kati ya wimbi moja na jingine palikuwa na eneo tupu lenye ukubwa wa kiganja. Sababu yake ni namna plaiwudi inavyotengenezwa: gogo huzungushwa mbele ya kisu kirefu, likamenywa kama mtu anavyomenya chungwa bila kukata ganda, kwa hiyo kisu hufuata pete za mti badala ya kuzikata kwa wima. Mbao iliyopasuliwa kwa msumeno huonyesha pete hizo kama mistari. Iliyomenywa huzionyesha kama madoa na miali. Plaiwudi za ndege za Ulaya kwa kawaida zilitengenezwa kwa mti wa betula, ambao hata ukipasuliwa ni mweupe na mistari yake ni hafifu sana. Baada ya siku hiyo nilirudi kuzitazama modeli nyingi nilizokuwa nikizihusudu kwenye picha, nikaona kwamba zimeigiza mwaloni au mninga. Zinapendeza, lakini si Albatros.

Hesabu nayo inasema hivyo hivyo. D.Va ilikuwa na urefu wa mita 7.33, na katika kipimo cha 1/48 urefu huo unakuwa sentimita 15 na milimita chache. Mstari wa mbao wenye upana wa milimita moja kwenye ndege halisi utakuwa na upana wa milimita 0.02 kwenye modeli, yaani hautaonekana kabisa kwa jicho. Kinachoweza kuonekana kwa haki ni tofauti ya rangi kati ya kipande kimoja cha plaiwudi na kingine, pamoja na ile miali mipana. Kila mstari tunaouongeza zaidi ya hapo tunauongeza kwa ajili ya kumridhisha mtazamaji, na mimi sipingi kufanya hivyo, mradi ufanywe kwa kiasi.

Sasa nije kwenye rangi. Rangi ya msingi niliyotumia ni mchanganyiko wa Tamiya XF-57 na XF-59, zote za akriliki, niliopuliza kwa brashi ya hewa hadi ukawa rangi ya samli iliyoganda. Rangi hii inafaa kwa sababu mbili. Kwanza, hukauka haraka na kushika plastiki vizuri. Pili, na hili ndilo kubwa, ikishakauka haisumbuliwi na tapentaini isiyo na harufu ambayo hutumika kuzimulia rangi ya mafuta, kwa hiyo ukiharibu unaweza kupangusa kila kitu na kuanza upya bila kugusa msingi. Anayetaka kutumia rangi ya msingi ya enameli ajue kwamba tapentaini inaweza kuilainisha na kuichubua. Hapo kazi ya siku nzima inaondoka na kitambaa.

Kwa maoni yangu, Burnt Umber ya Winton ndiyo kifaa bora kati ya vyote nilivyovijaribu. Ni udongo wenye oksidi ya chuma na manganizi uliochomwa hadi ukapata wekundu, ukasagwa na kuchanganywa na mafuta. Manganizi hiyo ina faida ambayo wauzaji hawaitaji: huharakisha ukaukaji wa mafuta, kwa hiyo rangi hii hukauka mapema kuliko rangi nyingi za mafuta zilizo kando yake kwenye rafu. Nilikamua kiasi cha punje ya mtama juu ya kipande cha boksi la karatasi ngumu na kukiacha kwa saa moja ili boksi lifyonze sehemu ya mafuta. Anayeruka hatua hii atapata rangi inayong'aa na kuteleza, isiyotaka kushika alama ya brashi, kisha atalaumu tyubu bure.

Upakaji wenyewe ni wa sekunde chache kwa kila kipande. Nilizungushia kipande kimoja cha plaiwudi tepu nyembamba ya kuzibia, nikapaka utando wa rangi kwa brashi laini, nikausubiri kama dakika tano, halafu nikapitisha brashi ya zamani, pana na kavu, ambayo nywele zake zimetawanyika. Brashi hiyo ndiyo inayochora. Ukiivuta moja kwa moja, unapata mninga. Ukiivuta huku kifundo cha mkono kikiyumba kidogo, ukaiinua, ukairudisha sentimita moja mbele, unapata ile miali ya betula. Nilijifunza kusimama mapema: mpito wa tatu wa brashi karibu kila mara ulikuwa mbaya kuliko wa pili. Kisha nikagusa sehemu mbili tatu kwa ncha ya sifongo kavu ili kuivunja mistari iliyojitokeza kwa nguvu, na nilipoondoa tepu, ukingo ulibaki safi, na kipande kile kikaonekana kama kilikatwa na kuletwa kutoka kwenye ubao mwingine.

Hapo ndipo rangi ya mafuta inapozishinda stika. Kwenye kipande kilichofuata niliongeza Raw Sienna, chenye kukifuata nikatumia utando mwembamba zaidi, na cha chini ya kiti cha rubani nikakiacha karibu na rangi ya msingi. Fundi wa kiwandani mwaka 1917 alichukua ubao uliokuwa karibu naye, hakuchagua, na mwili wa ndege ukawa na vipande vilivyopishana kwa weupe na wekundu. Pezi la wima la mkia nalo lilikuwa la plaiwudi, na maungio yake na mwili yanapendeza sana yakipewa mwelekeo tofauti wa miali. Usukani wa mkia, kwa upande mwingine, ulivikwa kitambaa, na vifuniko vya injini vilikuwa vya chuma, kwa hiyo brashi ya mbao isifike huko.

Kasoro ya rangi ya mafuta ni muda. Hata Burnt Umber iliyofyonzwa na boksi ilinihitaji siku nne kabla sijathubutu kubandika tepu juu yake, na Raw Sienna ilipoingia kwenye mchanganyiko nikangoja wiki nzima. Kwa kuwa vipande vinavyopakana haviwezi kuzibwa na kupakwa siku moja, nililazimika kuvipaka kwa zamu, kimoja na kuruka kimoja, na mwili ule mdogo wa sentimita 15 ukanichukua wiki tatu. Mtu mwenye haraka atateseka. Joto letu husaidia kidogo, maana mafuta hukauka kwa kushika hewa ya oksijeni wala si kwa maji kutoka, kwa hiyo unyevu wa pwani hauyaathiri kama watu wanavyodhani.

Unyevu uliniathiri kwingine. Katikati ya masika nilipuliza vanishi ya laka juu ya bawa moja la majaribio, na ndani ya dakika mbili uso wote ukapiga ukungu mweupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Chupa ile, ambayo jina lake sina haja ya kulitaja, haikuandikwa onyo lolote juu ya hewa yenye unyevu, nami niliona ni dhuluma kwa mnunuzi wa pwani. Laka inapokauka haraka hupoza uso, na mvuke uliomo hewani hutua juu yake kama umande. Tangu hapo napuliza mchana wenye jua na kwa tabaka jembamba, au nafunga chupa za rangi hadi mvua ipite. Vanishi ya akriliki ya Tamiya, X-22, haikunifanyia hivyo.

Juu ya rangi ya mafuta iliyokauka huja hatua ambayo wengi huiacha, nayo ndiyo inayoipa mbao uhai. Vanishi ya wakati ule iliipa plaiwudi rangi ya joto inayokaribia majani makavu ya mpunga. Nilichukua X-22, nikaongeza matone machache ya X-24, ambayo ni njano ya kung'aa inayopitisha mwanga, na tone moja tu la X-26, ambayo ni chungwa ya namna hiyo hiyo, nikapuliza tabaka mbili. Vipande vyote vilivyokuwa vikigombana vikaungana chini ya rangi moja bila kupoteza tofauti zao. Matone mawili ya X-26 yaligeuza kipande changu cha majaribio kuwa rangi ya karoti, kwa hiyo kipimo kinahitaji uangalifu. Naomba pia wajenzi wasidanganywe na picha za zamani. Filamu za wakati ule hazikuona wekundu na ziliiona njano kuwa nyeusi kuliko inavyoonekana kwa jicho, kwa hiyo mbao iliyopakwa vanishi hutoka kwenye picha ikiwa imekolea kuliko ilivyokuwa. Anayechanganya rangi yake kwa kuifuata picha moja kwa moja ataishia na ndege ya rangi ya kahawa.

Stika nazitendea haki kwa kusema kwanza kwamba uchapishaji wake ni mzuri ajabu. Ukiishika karatasi yake kwenye mwanga unaona miali mipana, iliyochorwa na mtu aliyeitazama plaiwudi kweli, na wino unapitisha mwanga, hivyo rangi ya msingi iliyo chini yake ndiyo inayoamua kama mbao itakuwa nyeupe au nyekundu. Kwenye sehemu bapa sikuona mfano wake. Kuta za ndani za chumba cha rubani na sakafu yake vilikamilika kwa jioni moja, na matokeo yake yakawa safi kuliko ya brashi yangu. Kwa sehemu hizo nitaendelea kuzinunua.

Mwili wa Albatros, hata hivyo, hauna sehemu bapa nyingi. Umepinda kwa upana na kwa urefu kwa wakati mmoja, hasa karibu na pua, na stika ni utando uliokatwa bapa. Ukiulazimisha ukumbatie umbo la yai, lazima ukunje pembeni. Nilitumia kimiminika cha kulainishia stika, nikachana mikunjo kwa wembe, nikaongeza kimiminika, nikakandamiza kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Mikunjo mingi ilikubali. Iliyobaki niliifunika kwa rangi ya mafuta, yaani kile kifaa nilichokuwa nikikwepa kukitumia. Tatizo jingine ni dogo lakini linaudhi: karatasi ina eneo lenye mpaka, na mtu asipopanga vizuri, ule mwali wa pekee wenye umbo la jicho ulioko kona ya juu utajirudia upande wa kulia na wa kushoto wa ndege, na mtazamaji wa kwanza atakayekaa kwa dakika moja ataugundua. Kwangu aliugundua mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka tisa.

Kuhusu panga boi la mbele, hakuna kati ya vifaa hivi viwili kinachotosha peke yake. Panga boi la mbao lilitengenezwa kwa mbao kadhaa zilizogundishwa pamoja, mara nyingi nyeupe na nyeusi kwa kupishana, kisha likachongwa. Mchongo ulipozikata tabaka zile kwa mshazari, maungio yakajitokeza kama mistari iliyopinda, mfano wa matuta ya shamba la mlimani. Stika haiwezi kupinda namna hiyo kwenye kitu chenye urefu wa sentimita 6 hivi. Nilikata tepu kuwa nyuzi zenye upana wa nusu milimita, nikazipanga kufuata mpindo wa kila bapa, nikapuliza rangi iliyokolea, nikazitoa, ndipo nikapaka utando mmoja wa Burnt Umber juu ya yote na kuuvuta kwa urefu wa bapa. Hapa mistari iliyonyooka inaruhusiwa, kwa sababu mbao hizi zilipasuliwa kweli. Jaribio la kwanza lilikwenda kombo kwa kuwa nilipanga nyuzi sambamba na ukingo, na panga boi likafanana na peremende. La pili lilikaa sawa.

Kwa upande wa gharama, tyubu ya Winton yenye mililita 37 nimeitumia kwa modeli nzima pamoja na majaribio yote, nayo haijapungua kiasi cha kuonekana. Inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya uchoraji hapa mjini, wala sihitaji kuagiza. Karatasi ya stika ya kipimo hiki iliniishia kwenye ndege moja, nililazimika kuiagiza kutoka Ulaya pamoja na nauli yake, na ilisafiri kwa wiki sita. Anayejenga modeli moja kwa mwaka hatalihisi hilo sana, lakini kijana anayeanza, ambaye fedha yake ni ya kudunduliza, asishawishike kwamba bila stika hawezi kupata mbao nzuri. Anunue Burnt Umber peke yake kwanza. Raw Sienna inaweza kusubiri, na nyeusi asiinunue kabisa kwa kazi hii, kwa sababu nyeusi huifanya mbao ionekane chafu badala ya kuwa kuukuu.

Modeli ninayoiandaa sasa ni Caudron G.III, mojawapo ya ndege ambazo Waingereza walizirusha kutoka Kisiwa cha Mafia mwaka 1915 kuongoza mizinga dhidi ya manowari Königsberg iliyojificha kwenye Delta ya Rufiji. Nguzo zake zilizo kati ya mabawa zote ni za mbao, nyembamba kama njiti, zilizopasuliwa na kuchongwa, na kwa hizo brashi itavutwa moja kwa moja. Nimeshampelekea fundi wangu wa Keko picha ya nguzo hizo. Amesema nizipake nyeupe kuliko ninavyofikiri, nami nimekamua Raw Sienna kidogo kwenye boksi, bado inafyonzwa.